Mchungaji kubebewa Biblia, hii ni sawa kweli?

Kijana wa Mbagala: Wakuu naombeni msaada, kanisani kwetu mchungaji akishuka kwenye gari kuna kijana wa kumbebea Biblia, mwingine maji, mwingine kitambaa cha jasho, na bibi zetu wanasimama juani wasubiri apite kwanza. Ni heshima hii au tumepitiliza?

Mama Tabata: Mmepitiliza mwanangu. Soma Yohana 13, Yesu alijifunga taulo akaosha miguu ya wanafunzi, hadi ya Yuda!

Mdau: Heshima wapewe jamani, 1 Timotheo 5:17 ipo. Ila 1 Petro 5:3 inawakataza kujifanya mabwana. Papa Francis 2013 aliosha miguu ya vijana wafungwa kule Roma. Huyo wenu wagonjwa anawatembelea?

Kijana wa Mbagala: Hapana mkuu, anatuma wazee wa kanisa.