Mbuzi wa karibu na mashimo ya zamani ya madini, nyama yao yalika kweli?

Mchuuzi_Maweni
Salaam wadau. Niko hapa Malindi, nina bucha ndogo na supu asubuhi. Sasa kuna mzee upande wa mke wangu ako ndani huko Ganze, ana mbuzi anataka kuwatoa kwa bei ya kutupa, nikaenda kuwaona. Wengi wazima tu, wanakula, wanarukaruka, lakini kama watatu hivi wanasaga meno mpaka wawasikia krr krr ukiwa umesimama mbali, na mmoja haoni vizuri, aenda mpaka kwa ukuta wa banda anaweka paji la uso pale anasukuma, anasukuma tu. Hapo wanapochungwa kuna mashimo watu walichimba mawe ya madini zamani wakaacha na lile rundo la makapi, mvua ikinyesha maji yote yateremka kwa kidimbwi cha mifugo. Mzee asema ni pepo wa shimo. Mimi nauliza, wale wazima nikiwachinja iko sawa? Na supu nikiichemsha sana si sumu yafa?

Yakhe_Shela
Sumu ya madini haifi yakhe, kwani ni mdudu huyo? Hapo nahofia risasi, ile metali nzito (lead), si ya bunduki. Risasi ni risasi, ukichemsha wapunguza maji, yenyewe yabaki. Na wewe wasema wauza supu ya mifupa, sasa mwili ukipata risasi waiona kama kalsiamu waiweka mifupani, ingine maini na figo. Yaani vile vitu wateja wako wapenda ndo hivo hivo.

Karisa_wa_Mifugo
Mimi nashughulika na mifugo Magarini miaka mingi, nataka tusikimbilie jibu moja. Kusaga meno, upofu na kusukuma kichwa ukutani kweli ni picha ya risasi, hasa kwa ndama na wana-mbuzi wanaonyonya kwa sababu tumbo lao lafyonza zaidi. Lakini mbuzi wa kwetu mwenye kupe nyingi aweza kupata ugonjwa wa maji ya moyo akafanya vituko karibu vile vile, tena huyo huwa na homa kali. Halafu kuna tegu, mayai yatoka kwa mbwa, mabuu yake yakiingia kwa ubongo mbuzi azunguka upande mmoja tu. Kwa hivyo waite daktari wa mifugo wa kaunti atoe damu, na akifa mmoja achukue maini na figo zipelekwe maabara. Kwa macho peke yake hakuna anayejua.

Lakini eneo lenyewe lanitia wasiwasi. Vitengeni na Kinangoni, huku huku Kilifi, zajulikana zamani kwa risasi, lile jiwe lake la galena, zito kupita ukubwa wake na lameta likivunjwa. Likiwa ndani ya mwamba halina taabu sana. Taabu ni likivunjwa likasagwa vumbi likae juu ya majani na mchanga, kisha kiangazi nyasi zikiisha mnyama alamba mchanga na nyasi pamoja. Ng'ombe na kondoo ndo huumia zaidi hapo kwa sababu wang'oa chini kabisa, mbuzi angalau hula juu juu kwa vichaka.

kifaru_mtaani
Wacheni kutisha watu. Wazee wamechunga hapo miaka yote, wamekula nyama, wamekunywa maziwa, nani kafa?

Yakhe_Shela
@kifaru_mtaani Kule Zamfara, Nigeria, 2010 walisema hivo hivo. Watu walikuwa wachimba dhahabu, mawe yake yamejaa risasi, wayasaga nyumbani kwa mashine zile zile za unga, vumbi uani kote. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Na Kabwe Zambia mgodi ulifungwa 1994, lakini mpaka leo wapima kuku na mbuzi wa mtaani wakuta risasi kwa maini. Kuku achakura mchanga kutwa, unategemea nini? Mzee wako kama ana kuku hapo karibu na makapi mwambie mayai pia awache, kiini chabeba.

Nahodha_Lamu
Naomba niongeze kidogo maana hapa mwasema mifupa na maini, mtu asije akadhani kila madini yakaa huko. Zebaki ile ya wachimba dhahabu ikifika majini, vijidudu vya matope vyaibadilisha, yaingia kwa samaki mdogo, mkubwa amla mdogo, yazidi kila hatua. Na hiyo yakaa kwenye nyama yenyewe, huwezi kutoa utumbo ukasema umemaliza. Ndo maana akina mama wajawazito waambiwa wapunguze papa na nduaro, dagaa haina neno. Kule Minamata, Japani, kabla ya watu kujulikana wagonjwa 1956, paka waliokuwa wakila samaki ndo walianza, wayumba, waruka kama wehu. Ilikuwa kiwanda, si mgodi, lakini zebaki ni ile ile.

Mchuuzi_Maweni
Shukran. Kwa hivo hata wale wazima?

Karisa_wa_Mifugo
Hata wao, wamekunywa kidimbwi kimoja. Aweza kuwa mnene, ngozi yang'aa, na figo zimejaa risasi. Usinunue mpaka majibu yatoke. Kwa sasa mzee awahamishe wote, awape maji ya bomba au ya mvua, na kile kidimbwi akizungushie miiba. Wagonjwa daktari aweza kuwapa chumvi ya haluli (Epsom) kwa mdomo ishike risasi iliyo tumboni, na iko sindano ya kutoa iliyo kwa damu, lakini ni ghali na yule aliyepofuka sijui kama atafidia gharama. Maziwa yao msiwape watoto.

Mchuuzi_Maweni
Sawa. Na mmoja akifa usiku huu kabla daktari hajafika, nimwambie mzee afanyeje? Pale kuna mbwa wengi.

Karisa_wa_Mifugo
Asimpasue. Amfunike kivulini, mbwa wafungwe, mimi nitumie namba kwa inbox nikuunganishe na mtu wa Ganze. Daktari akishachukua vipande, azikwe kina kirefu mbali na kisima.