Kalkuleta hazifundishwi, zinakaririshwa! Watoto wetu Dodoma wanapoteza alama za bure

Wakuu, tuelewane mapema: huu siyo uzi wa kikokotoo cha mafao. Wastaafu watarajiwa mlioingia na hasira zenu, poleni, siyo hapa. Hapa ni kalkuleta, ile ya sin, cos na log, inayowaumbua vijana kuanzia Kikuyu hadi Kondoa. Mods, msiunganishe.

Kwa miaka mingi mada ya kwanza ya Advanced Mathematics kidato cha tano imekuwa vifaa vya kukokotolea, na swali la kwanza la karatasi ya kwanza kidato cha sita limekuwa hilohilo. Alama za mezani kabisa. Lakini nenda kaulize inavyofundishwa. Vipindi viwili, tena ubaoni. Ubaoni! Vitufe vinachorwa kwa chaki, darasa linaitikia "SHIFT, mbili, tatu, sawasawa", kisha mada imekwisha. Huyu ana Casio fx-82MS, jirani ana 991MS, wa nyuma ana 991ES ya kaka yake, na wimbo ni mmoja. Wimbo wa 82MS ukiupiga kwenye 991MS unaangukia menyu nyingine kabisa.

Chukua pembe tu. Kwenye 82MS, MODE mara mbili halafu 1 ndiyo digrii. Kwenye 991MS ni MODE mara NNE halafu 1. Kwenye 991ES huendi kwa MODE peke yake, ni SHIFT, MODE, halafu 3. Nani anawaambia hivyo? Na nani anawaambia waangalie ile herufi ndogo juu ya skrini, D (digrii), R (radiani) au G (gradi), kabla ya kugusa chochote? Sin 30 kwenye D ni 0.5. Kwenye R inaleta -0.988031624. Kwenye G inaleta 0.4539904997, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inafanana na jibu la kweli. Ile hasi angalau inamshtua mtu. Hii ya G mtoto anaiandika na kuipigia mstari mara mbili.

Tukija kwenye tufe la dunia, latitudo ya Dodoma ni kama 6°10' Kusini. Mtoto anaandika 6.10. Dakika 10 siyo pointi kumi, ni 10 gawanya kwa 60! Bonyeza 6, kitufe cha °'", kisha 10, kitufe hichohicho tena. Umbali kutoka Ikweta ukitumia nusu kipenyo cha dunia, R = 6370 km, unatoka kama km 685.6, ukiandika 6.10 unapata 678.2. Mji mzima umesogezwa kilomita saba na ushee kwa uvivu wa kitufe kimoja. Halafu kuna mtego ambao karibu hakuna anayeusema: ukizidisha na dakika ndani yake, skrini inaleta jibu kwa sura ya digrii, 685°35' na sekunde zake. Mtoto anaona kilomita zimegeuka digrii, anapaniki, anafuta anaanza upya. Hakuna kilichoharibika. Bonyeza °'" mara moja, jibu linarudi kuwa desimali.

Fizikia nako balaa. Kasi ya mwanga, 3 × 10⁸, inaandikwa 3 EXP 8. Basi. EXP yenyewe ndiyo "mara kumi kwa kipeo". Wao wanabonyeza 3 × 10 EXP 8, wanapata 3 × 10⁹, jibu limekuzwa mara kumi, kisha wanalaumu fomula. Na sehemu: (45 + 19) juu ya (4 × 2) ni 8. Ukiibonyeza kama unavyoisoma bila mabano, 45 + 19 ÷ 4 × 2, unapata 54.5. Mashine haioni mstari wa sehemu uliouchora kwenye daftari.

Sasa takwimu, hapa ndipo damu inachemka. Tuseme una alama za kati 44.5, 54.5, 64.5, 74.5 zenye marudio 5, 9, 4, 2. Kwa 82MS: MODE 2, uone SD (hali ya takwimu) juu ya skrini. Kabla ya data yoyote, futa za jana: SHIFT, MODE, 1, sawasawa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na data za zamani zinabaki humo hata ukizima. Kisha 44.5, SHIFT, mkato (inatokea nukta-mkato), 5, M+. Endelea hivyo mpaka ya mwisho. Kila ukibonyeza M+ skrini inakuonyesha n, yaani idadi ya data. Ya kwanza iseme 5, ya mwisho iseme 20. Ikisema 27, hujafuta. Ikisema 4, umezidisha badala ya kuweka nukta-mkato: 44.5 × 5 imeingia kama data moja, 222.5, na mashine haina ugomvi na wewe, imepokea ulichoipa.

Wastani: SHIFT 2, 1, sawasawa, unapata 56. Halafu kuna mikengeuko sanifu miwili, σn kwenye 2 na σn-1 kwenye 3. Ya kwanza inatoa 9.0967, ya pili 9.3330. Wimbo wa "SHIFT, mbili, tatu" unawapeleka wote kwenye ya pili, ambayo ni ya sampuli, hata swali likiwa limetoa data zote za kundi. Mtoto kafanya hatua kumi na tano sahihi, kaanguka kwenye kitufe cha mwisho kwa sababu aliyemfundisha hakusema namba tatu ni ya nini!

Wenye 991ES msikariri haya. Yenu ni MODE 3, 1, na safu ya marudio lazima iwe imewashwa kwanza kwenye SETUP, vinginevyo utaiona safu ya x peke yake. Na mkimaliza rudini MODE 1, msibaki humo.

Shule na vituo vya tuisheni vinavyochaji hela kwa "mada ya calculator", fundisheni mashine iliyo mkononi mwa mtoto, siyo iliyo mkononi mwa mwalimu.

———

#2
Mkuu umenena, ila mwalimu unamwonea kidogo. Darasa la watu sitini lina kalkuleta kumi, modeli nne, na nusu ni feki zenye maandishi yanayofanana na ya kampuni. Afundishe ipi? Mimi lawama yangu ni kwa wauzaji. Mzazi ametoka Bahi au Mpwapwa, anauziwa kitu kisicho na kitabu cha maelekezo na hakijajaribiwa. Kabla hujatoa hela, bonyeza namba zote, 1 mpaka 0, taratibu, moja moja. Ukibonyeza 5 ikaja 55, au ikahitaji kukandamizwa, rudisha hapohapo. Raba ya ndani ni mbovu, na kwa vumbi letu la Agosti itakufa kabla ya mock. Halafu piga sin 30, na zile data nne za mtoa mada. Dakika tatu tu. Muuzaji akinuna, hama duka.

#3
Mtoa mada, vipi mtu akikuta mashine imechezewa na hajui iliwekwa nini?

Mtoa mada
#3, 82MS: SHIFT, MODE, 3, sawasawa, sawasawa. 991ES: SHIFT, 9, 3, sawasawa, AC. Zinarudi kama zilivyotoka kiwandani, kumbukumbu zote zinafutika, kwa hiyo andika pembeni ulichohifadhi. #2, la feki nakubali. La mwalimu sikubali: kuwaambia watoto "soma menyu kwenye skrini kabla ya kubonyeza namba" hakuhitaji kalkuleta hata moja.

#4
Ya dogo nikigawa 1 kwa 200 inaleta 5 na -03 ndogo juu. Kaandika hivyohivyo kwenye homework, 5⁻³, kakoseshwa. Ni feki?

Mtoa mada
Siyo feki. Ni 5 × 10⁻³, yaani 0.005. Ili ilete desimali, kama ni 82MS, MODE mara tatu, 3, kisha 2. Gawanya tena uone.