Mtoto wa miaka 14 akishtakiwa kwa mauaji, ahukumiwe kama mtu mzima?

Wadau, kila mtuhumiwa wa tukio la kinyama anapokuwa na miaka 14 au 15, kauli ya kwanza kusikika ni hii: "Kafanya ya kikubwa, ahukumiwe kikubwa." Hasira hiyo naielewa. Familia iliyotoka kuzika haina wajibu wa kumhurumia mtuhumiwa kwa sababu bado yuko shule. Hata hivyo kauli yenyewe naipinga.

Shtaka ni tuhuma tu. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kosa linaloandikwa kwenye hati ya mashtaka linatosha kumfikisha mtoto mahakama ya watu wazima kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa. Mwendesha mashtaka akishachagua kosa, kashachagua na mahakama.

Na watoto hukiri wasiyoyafanya. Mwaka 1989 jijini New York, vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walikamatwa kwa tuhuma za kumbaka mwanamke aliyekuwa akifanya mazoezi ya kukimbia Central Park. Walihojiwa kwa saa nyingi, wanne wakakiri mbele ya kamera, na wote watano wakatiwa hatiani. Mwaka 2002 mtu mwingine alijitokeza akasema ni yeye, vipimo vya vinasaba vikathibitisha, hukumu zikafutwa. Kijana wa miaka 16 alikuwa amehukumiwa kama mtu mzima! Mtoto aliyechoka, mwenye hofu, husema lolote analodhani litamrudisha nyumbani. Ndiyo maana kwangu chumba cha mahojiano kina uzito kuliko hata urefu wa kifungo: bila wakili na mzazi au mlezi, maelezo ya mtoto yasipokelewe kabisa.

Simaanishi mwenye hatia aachiwe. Ujerumani huwapeleka wa miaka 14 hadi 17 mahakama ya vijana, na kifungo chao hakizidi miaka 10, hata kwa mauaji. Kwa mzazi aliyeuliwa mwanawe miaka hiyo ni michache mno, na sina neno la kumfariji. Ila huyo kijana siku moja atatoka, na mimi nataka atoke akiwa amesoma na kusimamiwa, si akiwa amelelewa na wahalifu wazoefu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 37, unakataza adhabu ya kifo na kifungo cha maisha kisicho na uwezekano wa kuachiwa kwa kosa lililotendwa kabla ya miaka 18. Unataka pia kifungo kiwe hatua ya mwisho, tena kwa muda mfupi kadiri inavyofaa. Marekani, ambayo haijauridhia, iliacha kuwahukumu kifo watoto mwaka 2005 tu, kwa uamuzi wa Mahakama yake ya Juu.

Mnaotaka wahukumiwe kikubwa, naomba mnijibu hili: nani aamue kwamba mtoto fulani hafai tena mahakama ya watoto, na aamue kwa ushahidi gani, ikiwa kesi yenyewe haijaanza kusikilizwa?