Kuhifadhi mitego ya panya baada ya mavuno: pipa la plastiki, sanduku la mbao au kugawana majumbani?

JembeLaMvomero
Ndugu wakulima, habari za kazi. Kikundi chetu kina mitego ya panya tuliyoinunua kwa michango yetu wenyewe, na kwa kuwa mahindi yamekwisha kuvunwa tunataka kuiweka hadi msimu ujao wa kupanda. Jumapili hii tuna mkutano wa kuamua njia moja kati ya tatu. Ya kwanza ni kununua pipa la plastiki lenye mfuniko na kuifungia humo. Ya pili ni kumpa seremala kazi ya kutengeneza sanduku litakalokaa ghalani. Na ya tatu ni kila mwanachama kuchukua fungu lake akalitunze nyumbani. Fedha iliyobaki kwenye mfuko wetu ni kidogo, hivyo hatuwezi kujaribu njia mbili kwa pamoja. Ninaomba wenye uzoefu watueleze ni ipi iliyo bora.

BintiKilosa
Ndugu yangu, kabla hatujakushauri tafadhali tueleze mitego yenyewe ni ya aina gani. Ni ile ya kibao na springi, ni ya chuma kitupu, au ni vizimba vya waya? Ni mingapi? Imeoshwa, au bado ina damu na mabaki ya chambo? Na hilo ghala linahifadhi nini kingine? Swali hili la mwisho ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, na nitaeleza sababu yake ukishajibu.

MzeeWaKaratu
Mimi ninatega panya tangu ujana wangu na sijawahi kununua pipa wala sanduku. Chovya mtego kwenye oili chafu ya gari, uache uchuruzike, kisha uutundike kwenye msumari ukutani. Kutu haiwezi kupenya oili. Ukifika msimu, unafuta kwa kitambaa na kutega siku hiyohiyo.

FundiHaule
Shikamoo mzee. Ni kweli kwamba oili huzuia kutu, ila ningependa kuongeza tahadhari mbili. Oili chafu imebeba masizi na chembe za vyuma kutoka ndani ya injini, na si kitu cha kugusa kila siku kwa mikono mitupu, wala cha kuhifadhi karibu na nafaka ya kula. Pia kibao cha mtego huinyonya, na harufu yake haitoki kwa kufuta kwa kitambaa. Kwa chuma, mafuta ya cherehani au mafuta ya mgando yanatosha kabisa, na kiasi kidogo kinaenea mitego mingi. Ninawasihi msitumie mafuta ya kupikia, kwa sababu baada ya miezi michache huganda na kunata kama gundi, springi ikawa nzito, na harufu yake ya kuchacha huwaita sisimizi na mende.

JembeLaMvomero
Nawashukuru, na ninaomba radhi kwa kutoeleza vizuri. Mitego iko 120. Kati ya hiyo, 80 ni ya kibao na springi, 28 ni ya chuma kitupu na 12 ni vizimba vya waya. Haijaoshwa tangu tulipoitoa shambani. Kuhusu ghala, tunahifadhi humo mahindi ya wanachama upande mmoja, na upande wa pili kuna mifuko ya mbolea iliyobaki. Paa ni la bati na halivuji.

BintiKilosa
Hiyo mbolea ndiyo niliyokuwa nikiihofia, kwa hiyo nivumilie nieleze yaliyotupata sisi.

Mwaka 2019, baada ya mavuno, kikundi chetu kilikusanya mitego 64, karibu yote ya springi, tukaiweka kwenye viroba viwili juu ya mifuko ya mbolea ya SA, kwa sababu palikuwa pakavu na juu ya sakafu. Tuliamini tumefanya la busara. Mvua za vuli za mwaka ule, kama wengi mnavyokumbuka, zilikuwa nyingi kupita kawaida, na hewa ya ghalani ilikuwa na unyevu kwa wiki nyingi mfululizo ingawa hakuna tone lililopenya paa. Mbolea ile huvuta unyevu, na chumvi zake zikikutana na maji na chuma, kutu hutembea kwa kasi ambayo hutaiamini hadi uione. Hatukufungua viroba hata mara moja.

Mwishoni mwa Februari 2020 tulipofungua ili kutega kabla ya kupanda, nyaya zilikuwa zimeliwa hadi nyingine zilikatika mkononi. Zilizoonekana nzima zilitudanganya vibaya zaidi, kwa sababu springi zilikuwa zimechoka kwa ndani. Ukitega, inakatika au inafyatuka polepole na panya anaondoka na chambo. Kati ya mitego 64 tulipata 11 inayofaa. Tulipanda hivyohivyo, na mnajua panya shamba wanavyofukua mbegu tangu usiku wa kwanza hadi mche unapofikisha kama wiki mbili. Shamba la mama yangu, ekari moja na nusu, lilibaki na mistari mitupu, akalazimika kununua mbegu mara ya pili na kupanda kwa kuchelewa, na alichovuna hakikumfikisha Desemba. Hadi leo mimi hujilaumu, kwa sababu ndiye niliyechagua mahali pa kuweka viroba vile.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: pipa au sanduku ni jambo la baadaye, la kwanza ni kuitenga mitego na mbolea. Iwe jengo jingine kabisa.

FundiHaule
Pole sana, dada. Uliyoyasema ni sahihi, na si SA peke yake. Mbolea za urea na CAN nazo huvuta unyevu. Hata chumvi ya jikoni ina tabia hiyo.

MkaziWaPangani
Huku kwetu pwani, upepo wenyewe umebeba chumvi, kwa hiyo jambo hili tunaishi nalo kila siku. Wazee wetu walichemsha magome ya mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, ili kupaka rangi nyavu zisioze, na marehemu babu yangu alichovya mitego ya chuma katika maji yaleyale. Chuma hugeuka cheusi, na weusi ule ni ngozi inayochelewesha kutu. Unaosha mtego, unauacha ushike kutu kidogo sana, kisha unauchemsha pamoja na magome kwa saa moja hivi na kuuanika. Hautoi harufu ya mafuta, na panya haukimbii.

Mwanahalisi_Tanga
Ndugu, mikandaa ni miti ya misitu iliyohifadhiwa na haivunwi bila kibali. Si vyema kuwashauri watu wakabandue magome yake kwa ajili ya mitego ya panya, ilhali fukwe zetu zinaliwa na bahari.

MkaziWaPangani
Nakubaliana nawe kabisa, na sikusema wakate mti. Nilieleza kanuni. Kinachofanya kazi ni ule ukali wa gome unaokausha ulimi, nao umo pia katika gome la mwati, ambao watu wa Njombe wanaulima kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Anayeweza kupata gome la mwati lililokwisha kubanduliwa hahitaji kugusa mkoko.

Kaka_Minnesota
Mimi ni mtu wa Iringa ninayeishi Marekani, katika jimbo la Minnesota, ambako kutega wanyama wa manyoya kuna msimu uliowekwa kisheria, hivyo mitego hukaa miezi mingi bila kazi. Jirani yangu, ambaye hutega buku-maji (panya mkubwa wa majini mwenye manyoya) kwenye mabwawa, hufanya karibu yaleyale anayoyasema mzee wa Pangani: anachemsha mitego katika maji ya rangi inayotokana na mti, anaikausha, halafu anaichovya kwenye nta iliyoyeyushwa na kuitundika juu ghalani. Nta ya nyuki nyumbani tunayo. Tahadhari ni kwamba mtego lazima uwe mkavu kabisa, kwa sababu tone la maji likiingia kwenye nta ya moto hulipuka usoni, na nta yenyewe ikizidi joto hushika moto. Tena ni kwa chuma peke yake, si kwa mitego yenu 80 ya kibao.

MzeeWaKaratu
Haya yote ni kazi kubwa kwa mtego mdogo wa panya. Kama hamtaki oili, nyunyizeni majivu ndani ya pipa, wekeni mitego, mwageni majivu tena juu. Majivu huhifadhi hata maharage.

FundiHaule
Mzee wangu, kwa maharage nakubali, lakini kwa chuma ninaomba tutofautiane kwa heshima. Majivu ya kuni yana magadi ndani yake, nayo huvuta unyevu wa hewa na kuushika. Kwa vizimba vya waya hatari ni kubwa zaidi, kwa maana waya ule umepakwa zinki kama bati, na magadi hula zinki. Mtego wa alumini nao ungeharibika vivyo hivyo, ungetoka na unga mweupe na vitundu.

Mama_Nyeri
Habari zenu kutoka Kenya. Sisi tunasumbuliwa na fuko kwenye viazi na karoti, na mtego wetu ni fimbo ya kupinda, kamba na kitanzi cha waya unaokiingiza kwenye njia yake chini ya ardhi. Mimi huhifadhi vitanzi juu ya moto, darini jikoni. Moshi hukausha, na hakuna mdudu anayetoboa fimbo. Kwa ile mitego ya kibao ningefanya hivyohivyo, maana adui wa kibao si kutu, ni mchwa na bungua. Ila sielewi jambo moja: kwa nini mnaipumzisha mitego? Fuko hana likizo.

MtafitiWaShamba
Swali la mama ni zito kuliko inavyoonekana, na ninaomba ndugu wa Mvomero alisikilize kabla ya Jumapili. Panya shamba amechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapo Morogoro, na inafahamika kwamba kuzaana kwake hufuata mvua, kwamba jike huweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja, na kwamba idadi yao hufikia kilele karibu na Oktoba na Novemba, yaani miezi ambayo mitego yenu itakuwa imefungiwa ndani ya pipa. Vuli ikiwa na mvua nyingi, mwaka unaofuata huwa na hatari ya mlipuko wa panya. Kwa hiyo kuhifadhi mitego yote 120 hadi Februari ni kuwaachia uwanja wakati wa wingi wao. Mimi ningehifadhi nusu, na nusu nyingine ningeitega kuzunguka ghala hilo lenye mahindi na kwenye mapori ya kando ya mashamba.

Jambo la pili ni afya. Mmesema mitego haijaoshwa. Panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda, ile iliyoua watu watatu Ruangwa mwaka 2022, na katika sehemu kama Lushoto na Mbulu wamewahi kuleta tauni. Msiigawanye majumbani ikiwa na damu. Vaeni glovu, sugueni kwa sabuni na brashi, lowekeni kwa dakika kumi katika vipimo tisa vya maji kwa kipimo kimoja cha klorini ya maji ya kufulia, kisha suuzeni sana, kwa kuwa klorini ikibaki nayo hula chuma. Anikeni juani siku mbili au tatu.

Asha_wa_Turiani
Naunga mkono kutogawana majumbani, kwa sababu nyingine. Mwanangu wa miaka minne aliukuta mtego uliohifadhiwa chini ya kitanda ukiwa umetegwa, na kidole chake kilivimba wiki nzima. Popote mtakapoiweka, tegueni kila mtego. Hata springi yenyewe inadumu zaidi ikiwa imelegea.

MkulimaKijana
Kwa nini msiuze yote na kununua sumu? Ni kazi ya siku moja.

MtafitiWaShamba
Sumu za kuzuia damu kuganda hubaki mwilini mwa panya, na paka au bundi akimla naye hudhurika. Bundi mmoja anakula panya kila usiku bila malipo. Mtego hauui bundi.

JembeLaMvomero
Nimesoma yote na kumsomea mwenyekiti wetu kwa simu. Kesho tunaosha, na mbolea inahamishwa hata kama mitego haitawekwa ghalani. Mwenyekiti bado anataka pipa, nami naanza kuvutwa na wazo la kutundika ile ya kibao darini kwa mwanachama mmoja mwenye jiko la kuni. Kuhusu kuendelea kutega Oktoba, najua wengine watasema wamechoka.

BintiKilosa
Mkinunua pipa, kumbukeni kwamba pipa lililofungwa hufungia unyevu ndani pia. Mtego usiokauka utatoa jasho humo kila usiku wa baridi. Afadhali mifuko mizee ya Kinga Njaa (ile ya plastiki ya kuhifadhia nafaka) isiyotoboka, mitego 20 kwa kila mfuko, ikifunguliwa na kukaguliwa kila mwezi. Wekeni na jina la mkaguzi. Kwetu hakukuwa na mkaguzi.

MzeeWaKaratu
Mfuko wa plastiki panya atautoboa usiku mmoja.

BintiKilosa
Atautoboa ukiwa na harufu ya chambo, mzee. Ndiyo maana ninasisitiza kuosha kwanza.

JembeLaMvomero
Swali la mwisho kabla ya mkutano: vile vizimba 12 havikunjiki, na haviingii kwenye mfuko wala kwenye mdomo wa pipa tulilooneshwa. Kuna mwenye vizimba kama hivyo? Anaviweka wapi?