Naomba ushauri: kulainisha sukuma wiki bila kutumia magadi

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kuhusu mapishi ya sukuma wiki. Mama mkwe wangu, ambaye amebakiwa na meno machache, anaipenda mboga hii kuliko zote, lakini majani yanayopatikana sokoni kiangazi hiki ni magumu na machungu. Majirani wananiambia niyachemshe kwa magadi kisha nimwage maji. Nasita sana, kwa sababu magadi huharibu vitamini C, na maji yanayomwagwa huondoka na sehemu kubwa ya vitamini hiyo pamoja na folati (vitamini ya kundi B), ilhali mtu wa umri wake anahitaji kila kilichomo.

Kwa sasa huosha majani kabla ya kuyakata, nikaondoa ule uti mnene wa katikati, nikayakatakata nyembamba kama nyuzi, kisha nikayakaanga kwa kitunguu na nyanya, huku sufuria ikiwa imefunikwa kwa dakika chache tu. Yanabaki ya kijani na yananukia vizuri, ila yeye bado anatafuna kwa shida.

Je, nikiyapika polepole katika mchuzi wa karanga za kusaga yatalainika vya kutosha? Na ndimu, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, niitie yakiwa jikoni au nikishaepua?