Maumivu sugu ya shingo na bega: daktari anashauri sindano kwenye misuli, nikubali?

Tumaini_K

Wakuu, naombeni ushauri kwa waliopitia hili au wanaolijua kitaalamu.

Shingo na bega la kulia vinanisumbua kwa muda mrefu sasa. Si maumivu ya kulaza kitandani, ni yale ya kuchosha taratibu. Asubuhi naamka shingo imekaza, mchana bega linakuwa zito, jioni maumivu yanapanda nyuma ya sikio hadi kwenye kipaji. Kuna sehemu kati ya shingo na bega, nikiibonyeza nasikia kitu kigumu kama uzi mnene kinateleza chini ya ngozi, na papo hapo maumivu yanaruka mpaka pembeni mwa jicho. Kazi yangu ni kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima.

Dawa za maumivu nimemeza hadi tumbo likaanza kuwaka. Kuchuliwa kunanipa nafuu siku moja mbili, kisha narudi palepale. Eksirei ya shingo haikuonyesha shida ya maana. Sasa daktari anataka anichome sindano kwenye hivyo vinundu vyenyewe. Foleni ilikuwa ndefu, hakupata nafasi ya kunieleza, akasema nikafikirie nirudi.

Zinasaidia kweli au zinatuliza tu? Ndani yake kuna nini? Na kuna mtu ameniambia sindano ya pale inaweza kutoboa pafu. Kusema ukweli naogopa.

Fizio_Mtulivu

Pole sana ndugu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na watu wenye shida kama yako nawaona kila mara, kwa hiyo univumilie, nitaandika kirefu.

Kwa maelezo yako, huo huenda ni msuli wa trapezi, ule mpana unaoanzia kisogoni ukashuka hadi begani. Kipande chake hujikaza kikabaki hivyo, na kikiguswa hupeleka maumivu mbali na pale kilipo. Kwa trapezi ya juu njia yake inafahamika: shingoni, nyuma ya sikio, hadi kipajini. Daktari Janet Travell wa Marekani, ambaye mwaka 1961 alikuwa daktari wa Rais Kennedy, ndiye aliyezichora ramani za maumivu ya namna hii akishirikiana na David Simons. Kwa hiyo hayo ya pembeni mwa jicho yanaweza kabisa kutoka begani.

Kuhusu sindano, watu huzichanganya sana. Ile ya diklofenaki ya takoni ni dawa ileile ya kutuliza maumivu, imepitia mlango mwingine tu. Kinundu haikigusi, na tumbo lako bado litaisikia. Kuna ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, inayopelekwa karibu na uti wa mgongo kwa mtu ambaye neva yake imebanwa. Hiyo ni habari nyingine, hatari zake ni kubwa zaidi, na hujataja dalili ya kuihitaji. Unayoshauriwa wewe huingia kwenye kinundu chenyewe: sindano nyembamba, mara nyingi ikiwa na lidokeini, yaani dawa ya ganzi, kiasi kidogo tu kwa kila kinundu. Daktari husogeza ncha mbele na nyuma ndani ya msuli, na ikifika penyewe msuli unaruka ghafla, wenyewe, bila wewe kutaka. Inashtua, lakini ni dalili kwamba amepapata.

Tafiti zilizolinganisha lidokeini na sindano kavu isiyo na dawa yoyote zimekuta nafuu inakaribiana, ila sindano kavu huacha msuli ukiuma zaidi siku zinazofuata. Maana yake kazi kubwa inafanywa na ncha, si kilichomo. Ndiyo maana daktari akitaka kuongeza steroidi, mwulize kwa kinundu hiki inaongeza faida gani. Asikupe jibu la juujuu.

Nafuu yake? Wengine siku chache, wengine wiki kadhaa, na wapo wasiopata kitu. Kutuliza ni kutuliza, lakini usikudharau: mtu ambaye bega haliumi ndiye anayeweza kulifanyia mazoezi, na bega lenye nguvu ndilo linalostahimili kazi ya mezani. Ukichomwa kisha ukarudi kukaa vilevile, tegemea kurudi kuchomwa.

Mama Zawadi

Mwanangu, hilo la steroidi lishike. Mimi walinichoma yenye steroidi bila kuniambia. Maumivu yalipungua, sikatai. Lakini baadaye ngozi ya pale ikapauka, na nyama ikabonyea kama mtu ameniwekea kidole gumba kwenye udongo mbichi. Na mimi nina kisukari: sukari ilipanda siku kadhaa, nikahangaika bila kujua sababu. Kabla hawajafungua pakiti ya bomba uliza ni dawa gani, wakusomee jina lake.

Chuma_Doto

Usichome mkuu. Nyoosha shingo, kunywa maji mengi, lala bila mto. Mengine ni biashara za watu.

Fizio_Mtulivu

Chuma_Doto, kunyoosha sawa. Kulala bila mto kwa mtu anayelalia ubavu ni kuiacha shingo inaning'inia usiku kucha, hapo unamwongezea. Mto ujaze nafasi kati ya sikio na bega, basi.

Sista_Neema

Mimi ni muuguzi, nijibu la pafu kwa sababu ndilo linalokutisha.

Ni kweli inaweza kutokea, ila ni nadra. Ncha ya pafu hupanda juu kidogo ya mfupa wa mtulinga, kwa hiyo chini ya bega lako hakuko mbali. Mwenye uzoefu huubana msuli kwa vidole, akauinua, kisha huelekeza sindano ndani ya ile nyama aliyoishika, si kuelekea kifuani. Wengine hutumia ultrasaundi ili waone ncha inakwenda wapi. Mwulize tu kwa heshima: "Daktari, pafu unalikwepaje?" Anayeijua kazi hatakasirika. Baada ya kuchomwa, ukikosa pumzi, au kifua kikichoma unapovuta hewa, hata kama ni saa kadhaa baadaye, nenda kwa dharura usingoje kesho.

Mweleze mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda (usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe), kama ganzi ya meno iliwahi kukudhuru, au kama una homa au jipu sehemu hiyo. Omba kuchomwa ukiwa umelala, maana kuna watu huzirai.

Na hujasema: mkono unakufa ganzi? Vidole vinadondosha vitu? Unayumba ukitembea, au haja ndogo imebadilika? Unapungua uzito bila sababu? Maumivu yanakuja na kubanwa kifua? Kama lolote lipo, weka sindano pembeni uchunguzwe kwanza. La kifua usilisubirishe hata kidogo, nenda dharura.

Tumaini_K

Asanteni sana, Mungu awabariki. Sista, hakuna hata kimoja katika hivyo, nashukuru umeuliza. Mama Zawadi, pole sana, hilo nitaliulizia.

Kuna mwenzangu kazini anasema nisihangaike na lidokeini, niombe Botox moja kwa moja kwa kuwa inakaa miezi. Hapo mnasemaje?

Fizio_Mtulivu

Ni kweli hukaa karibu miezi mitatu. Imethibitishwa kwa shingo inayojipinda yenyewe, na kwa kipandauso sugu Marekani iliiidhinisha mwaka 2010. Kwa vinundu vya misuli kama vyako ushahidi ni hafifu. Inalegeza msuli, na shingo ikilegea kupita kiasi, kichwa kinakuwa kizito kukibeba, na wengine hupata shida kumeza. Mimi nisingeanzia huko.

Kabla ya siku ya kurudi kwa daktari anza hili. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2011 uliwapa watu wenye maumivu ya shingo na bega mpira wa kuvuta, dakika 2 tu kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 10, na maumivu yao yalipungua kuliko wasiofanya. Simama juu ya katikati ya mpira, shika ncha zake, viwiko vikunjwe kidogo. Inua mikono pembeni, ikielekea mbele kidogo, mpaka usawa wa bega, usipite hapo. Shusha polepole kuliko ulivyoinua. Mabega yasipande masikioni, yakipanda mpira ni mgumu mno, tafuta mwepesi. Wiki ya kwanza msuli utalalamika, hilo ni la kawaida. Ukipata maumivu makali yanayoshuka mkononi, acha zoezi, uje utuambie.