Kulinganisha waigizaji wa Mfalme Lear: nianzie wapi?

Mshumaa_M
Wakuu, salaam. Nataka kulinganisha waigizaji wanne waliocheza Lear wa Shakespeare: Paul Scofield (filamu ya Peter Brook, 1971), Laurence Olivier (televisheni, 1983), Ian Holm (BBC, 1998) na Simon Russell Beale (National Theatre, London, 2014). Nikimaliza kutazama nabaki na "huyu kanigusa, yule hapana", na hiyo si hoja. Ni vipande gani vinavyomwanika mwigizaji, na watu hukosea wapi?

Pazia Jekundu
Usimalize mmoja ndipo uende kwa mwingine. Chukua kipande kimoja, kitazame kwa wote wanne, kisha uhamie kingine. Vitano vinatosha: mgawo wa nchi (Lear anapowagawia mabinti zake ufalme), laana juu ya Goneril, bintiye mkubwa, dhoruba, Lear anapoamka mbele ya Cordelia, binti mdogo aliyemkana kwenye mgawo, na kifo.

Anza na laana, mwishoni mwa tendo la 1, onyesho la 4. Baba anaiomba Asili imfunge bintiye kizazi. Sikiliza kama maneno yanamponyoka au anayachagua moja moja. Anayeyapigia kelele yote hapo huwa ameshamaliza akiba ya sauti, na dhoruba ya tendo la 3 huanzia kileleni moja kwa moja, haimpi nafasi ya kupanda. Ndiyo maana Lear wengi wanasikika kama wanagombana na mashine ya upepo.

Ila swali kubwa kuliko yote ni hili: wazimu unaanza wapi? Russell Beale alisoma habari za ugonjwa wa akili wa uzeeni, ule wa miili ya Lewy, akauingiza mwilini mwa mfalme mapema. Kwa hiyo hata mgawo wa nchi unaonekana kuwa dalili. Faida yake ni kwamba safari nzima inashikana. Hasara ni kwamba kosa la Lear linapungua, maana mgonjwa halaumiwi. Scofield ni kinyume chake: mtawala mkavu, mwenye akili timamu, sauti nzito isiyoomba huruma, na wapambe wake wanavuruga nyumba ya Goneril kiasi kwamba malalamiko ya binti yana msingi. Kwangu Scofield ndiye mwenye mkasa mzito zaidi, kwa sababu kila anachopoteza amekitupa mwenyewe.

Bi Kiti cha Nyuma
Naongeza jambo ambalo watu hulisahau: matini. Tamthilia hii ina chapa ya 1608 na ya 1623, na hazilingani. Ya pili imeacha takriban mistari 300 ya ile ya kwanza na kuongeza takriban 100. Lear anapowashitaki mabinti zake katika kesi ya kuwazia, kipande hicho kimo katika ya 1608 tu.

Mwisho ndio unaoumiza. Katika ya 1608, Lear anasema "kamwe" mara tatu, anaguna, kisha anauomba moyo wake upasuke. Katika ya 1623 ni "kamwe" mara tano, halafu anawaambia watu watazame midomo ya Cordelia, kwa hiyo anaweza kufa akiamini binti anapumua. Kabla hujaandika kwamba fulani alikufa na tumaini, hakikisha alipewa mistari ipi. Brook hasa alikata mengi.

Hizo "kamwe" tano zisikilize moja moja. Zikipangwa kwa nafasi sawa, mfalme anakuwa kama anahesabu. Kisha tazama mkono anapoomba afunguliwe kifungo: ni cha nguo yake au ya Cordelia? Mtu aliyekuwa akiamuru tangu mwanzo sasa anaomba, na anashukuru. Asiyeipa shukrani hiyo muda wake ameacha kitu kikubwa sana.

Taa za Pembeni
Yote sawa, ila usitoe alama kwa ukubwa wa sauti. Scofield aliigiza mbele ya kamera. Holm alitoka Cottesloe, ukumbi mdogo (1997), kwa hiyo unong'ono wake haukuzaliwa na televisheni. Russell Beale alirekodiwa akiwa jukwaani, katika ukumbi wa watu zaidi ya elfu moja. Umri nao uuweke mezani: Olivier alizaliwa 1907, udhaifu unaouona si wa kuigiza wote, Scofield hakuwa amefika hamsini.

Fuatilia pia Chale, mchekeshaji wa mfalme, ambaye matini inamwacha apotee bila maelezo. Katika onyesho la 2014 Lear mwenyewe anamuua kwa kumpiga ndani ya beseni la kuogea. Baada ya hapo, upole wa Lear kwa Cordelia unabeba damu ambayo wale wengine watatu hawaibebi, kwa hiyo onyesho la kuamka ulipime ukilikumbuka hilo.